Usukani ukigoma kabla ya Kigoma: namna ya kuishika ndege ya abiria

Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni takribani kilomita 1,075 kwa mstari ulionyooka, na Tabora iko njiani, kilomita 350 kabla ya kufika ziwani. Njia hii imezoeleka kukatwa na Dash 8-400, panga boi ambalo abiria wengi wanaliita Bombardier tu. Mwongozo huu unatumia ndege hiyo na njia hiyo kueleza kinachofanyika vyombo vya kuongozea ndege vinapogoma angani. Umeandikiwa wanaosomea urubani, wanaojinoa kwenye simuleta (mashine ya ardhini ya kujifunzia kuruka), na abiria mdadisi wa Mwanga ya Kigoma au Cheyo ya Tabora anayetaka kujua kule mbele kunaendelea nini mlango ukishafungwa. Mwenye ndege halisi mkononi ana kitabu cha ndege na chekilisti ya dharura. Vikipingana na maandishi haya, afuate kitabu.

Shughuli yote inasimama juu ya jambo moja. Ndege iliyoharibika lakini bado inaruka imekupa hali unayoijua: kasi hii, flapu hizi, nguvu hii ya injini. Kila utakachokigusa kinakutoa hapo na kukupeleka usikokujua. Kabla ya kugusa, jua utarudije.

Nini kinasogeza nini

Pua kupanda na kushuka ni kazi ya elevata, zilizoko mkiani. Ndege kulala kushoto au kulia ni kazi ya eleroni, karibu na ncha za mabawa, zikisaidiwa na spoila zinazoinuka juu ya bawa. Pua kwenda pembeni ni kazi ya usukani wa mkia, unaokanyagwa kwa pedali. Flapu, vipande vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa, haziongozi ndege, ila zinaipa uwezo wa kuruka polepole bila kuanguka, na ndiyo maana zikikwama safari nzima inabadilika.

Kwenye Dash 8-400 eleroni zinavutwa kwa nyaya za chuma kutoka mikononi mwa rubani. Spoila, elevata na usukani wa mkia vinasukumwa na haidroliki, yaani mafuta yanayosukumwa kwenye mabomba, yenye mgandamizo wa pauni 3,000 kwa inchi ya mraba. Mifumo ya haidroliki ni mitatu. Wa kwanza una flapu, breki za kawaida na spoila za ndani. Wa pili una magurudumu, usukani wa gurudumu la mbele na spoila za nje. Wa tatu upo kwa ajili ya elevata peke yake. Ukiukariri mgawanyo huu, taa ikiwaka unajua papo hapo kitakachokosekana wakati wa kutua. Ukipoteza wa kwanza, anza kuwaza flapu na breki. Ukipoteza wa pili, magurudumu utayashusha kwa mpini wa dharura yaanguke kwa uzito wake, na ukishatua hutaweza kukata kona kuingia maegesho.

Ndege kama Airbus A220 hazina nyaya wala fimbo kati ya rubani na bawa. Kompyuta ndizo zinazobeba amri. Hitilafu ikiingia, kompyuta hizo hushuka daraja: ndege bado inatii, lakini kinga zinazomzuia rubani asizidishe zinaweza kuondoka. Jambo la kwanza kwenye ndege za aina hiyo ni kusoma umebakiwa na kinga zipi.

Sekunde za mwanzo

Mara nyingi dalili ya kwanza haitokei mikononi. Otopailoti, mtambo unaorusha ndege badala ya mikono ya rubani, inapambana kimyakimya, usukani umeinama upande mmoja huku ndege ikienda sawa, hadi inaposhindwa na kukuachia mzigo wote kwa mpigo. Kwa hiyo usiizime ukiwa umekaa kizembe. Shika usukani kwa mikono miwili, miguu iwe kwenye pedali, ndipo uizime. Ikiwa ilikuwa inazuia ndege isilale kulia, sekunde hiyohiyo italala kulia.

Rubani mmoja aruke, mwingine asome. Hili lisemwe kwa sauti, na lijibiwe:

"Kapteni, ndege ninayo mimi."

"Unayo. Mimi nasoma chekilisti na kuongea na mnara."

Bila maneno hayo, wote wawili wataushika usukani, na kila mmoja ataupima mkono wa mwenzake akidhani anapima ndege.

Ndege ikiwa inalala yenyewe, silika ni kuvuta usukani nyuma ili pua isishuke. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Bawa linalodaiwa kuinua zaidi linachoka mapema, na eleroni zake zinapungukiwa nguvu. Legeza kwanza, hata kusukuma mbele kidogo, kisha nyoosha mabawa, kisha ndiyo uinue pua taratibu. Mpangilio huo haubadiliki.

Usukani wa mkia ukijikunja wote upande mmoja, eleroni zinaweza kuushinda iwapo kasi inatosha. Chini ya kasi fulani zinashindwa, hata ukigeuza usukani hadi mwisho. Boeing 737-300 ya USAir iliyoanguka karibu na Pittsburgh tarehe 8 Septemba 1994, na kuua watu wote 132, ilikuwa kwenye mtego huo: usukani wa mkia ulikwenda upande mmoja kwa hitilafu ya vali, na ndege haikuwa na kasi ya kuuzuia. Dawa yake ni kushusha pua na kuongeza kasi, jambo ambalo mwili mzima unalikataa ukiona ardhi inakuja. Vali hiyo ilikuja kuundwa upya, ila kanuni inabaki kwa ndege zote: hitilafu ya kulala au kupinda upande, usipunguze kasi kwanza.

Kuitambua hitilafu

Uliza maswali matatu. Ni mhimili upi: pua, kulala, au kupinda? Nini kiliguswa sekunde chache kabla? Vipimo vya haidroliki vinasemaje, mgandamizo na kiasi cha mafuta ya haidroliki kwenye tangi lake?

Swali la pili linamaliza mengi. Tatizo likianza mara baada ya kushusha flapu, zima hamu ya kuendelea kuzishusha. Ndege kubwa zina breki zinazozigandisha flapu upande mmoja ukitangulia mwingine, na chekilisti nyingi zinataka mpini uachwe ulipo. Kuuchezesha ni kutafuta flapu ya kushoto nyuzi 15 na ya kulia nyuzi 5, na hakuna eleroni inayofurahia hesabu hiyo.

Usukani uliokwama

Kwanza ongeza nguvu, bila kushtua. Kitu kidogo kama kalamu iliyoangukia penye mwanya au barafu nyembamba huachia kwa nguvu ya marubani wawili. Ikikataa, Dash 8 ina mipini miwili ya kutenganisha, mmoja wa kulala na mmoja wa pua. Unavuta na kuzungusha robo mzunguko. Ukitenganisha wa pua, kila rubani anabaki na elevata ya upande wake. Ukitenganisha wa kulala, rubani wa kushoto anabaki na spoila, wa kulia anabaki na eleroni. Maana yake, kama eleroni ndizo zilizokwama, kapteni ndiye atakayeruka. Kama ni spoila, rubani msaidizi ndiye. Watu hukosea hapa kwa heshima ya cheo. Mwenye upande unaotii ndiye mwenye ndege, awe na mistari minne begani au mitatu.

Barafu inastahili maneno zaidi, kwa sababu wengi hawaitarajii nchi hii. Ndege imeegeshwa Kigoma mvua ya Machi ikinyesha, maji yameingia kwenye puli na nyaya, kisha imepanda futi 20,000. Katika ukanda wetu joto hufika sifuri kwenye futi 16,000 hivi. Juu ya hapo maji yale yanaganda na usukani unakuwa mzito, halafu haugeuki kabisa. Kutoka hapo, kushuka hadi futi 13,000 au 12,000 na kusubiri dakika kadhaa kunaweza kuurudisha usukani bila kufungua mpini wowote. Angalia tu vilima na kiwango salama cha eneo lile kabla ya kushuka, na omba ruhusa ya kushuka mapema.

Trimu iliyokimbia

Trimu ni ile inayomwondolea rubani uzito wa usukani. Kwenye ndege nyingi za jeti inazungusha bawa zima dogo la mkiani, na bawa hilo lina nguvu kuliko elevata. Ikianza kuzunguka yenyewe: shika usukani, zima otopailoti, kata umeme wa trimu kwa swichi zake, kisha zungusha kwa mkono. Na angalia kasi. Boeing 737 MAX 8 ya Ethiopian Airlines iliyoondoka Addis Ababa kwenda Nairobi tarehe 10 Machi 2019 ikiwa na watu 157 ilifikia mahali marubani walipokata umeme wa trimu, lakini kasi ilikuwa kubwa mno na gurudumu la mkono halikuzungushika. Injini zilikuwa bado kwenye nguvu ya kupaa. Basi kupunguza nguvu ya injini ni sehemu ya hatua za trimu, si jambo la baadaye.

Upande wa pili wa shilingi ni trimu iliyokwama. MD-83 ya Alaska Airlines iliruka zaidi ya saa mbili ikiwa na trimu iliyogoma, tarehe 31 Januari 2000, kabla ya kutumbukia baharini karibu na California na watu 88. Nati ya skrubu ya trimu ilikuwa imelika meno kwa kukosa grisi ya kutosha. Kila jaribio la kuizungusha trimu liliipa mzigo nati iliyokwisha. Chekilisti ikisema jaribu, jaribu kama ilivyoelekeza. Ikikataa, iache pale ilipo na utafute uwanja. Uchunguzi ni kazi ya mafundi, ndege ikiwa imetia nanga.

Jaribio la juu

Hili ndilo linalookoa ndege nyingi, na ndilo linalorukwa na mwenye haraka. Kabla ya kwenda kutua, unaifanya ndege itue hewani, mahali ambapo ikikukataa una nafasi ya kurudi. Futi 10,000 juu ya ardhi ni nzuri. Tabora iko takribani futi 3,900 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kipimo kisome futi 14,000 hivi. Omba kwa waongozaji ndege eneo lisilo na mawingu na ruhusa ya kupanda na kushuka ndani yake. Ikiwa ndege inatulia vizuri na mafuta yapo, dakika 15 za jaribio hazina hasara.

1. Andika hali ya sasa kwenye karatasi: kasi, flapu, nguvu ya injini, usukani umegeuzwa kiasi gani. Hapo ndipo utakaporudi.
2. Punguza kasi kwa noti 10, baadaye noti 5 kila mara (noti 1 ni kilomita 1.85 kwa saa). Tulia kila hatua. Geuza kushoto na kulia kwa nyuzi 15 za mlalo, usizidishe.
3. Shusha magurudumu mapema, kabla hujafika kasi ya chini, ikiwa hitilafu haihusiani nayo. Kumbuka yakishashushwa kwa mpini wa dharura hayapandi tena, na ndege yenye magurudumu chini inapanda kwa tabu.
4. Flapu kwa kidogo kidogo, hatua moja tu, vidole vikiwa bado kwenye mpini. Ndege ikianza kulala, rudisha hapohapo, isipokuwa chekilisti imekataza kugusa.
5. Simama pale unapohitaji zaidi ya nusu ya mzunguko wa usukani ili uende sawa, au mwili wa ndege unapoanza kutetemeka. Ongeza noti 10. Hiyo ndiyo kasi yako ya kutua, na chini ya hapo huendi.
6. Jifanye unatua: shuka futi 700 kwa dakika, kisha inua pua hadi ushuke 300. Ikiwa elevata haina nguvu ya kufanya hivyo, jua huko chini hutakuwa na nafasi ya kulainisha mguso.

Baada ya hapo usibadilishe umbo la ndege. Flapu zilizofaulu jaribio ndizo zitakazogusa lami. Kishawishi cha kuongeza flapu kidogo ukiwa futi 500 ili njia ya kutua itoshe kinakuja kwa kila mtu, na jibu lake ni kwamba ulichagua uwanja mfupi.

Kigoma, Tabora, Mwanza au Bujumbura?

Abiria wamelipia Kigoma. Ndege haijali. Swali ni njia ya kutua ipi inatosha kwa kasi uliyoipata kwenye jaribio, na hapa hesabu inauma kuliko watu wanavyodhani.

Chukua mfano: kasi ya kawaida noti 120, na flapu zikigoma noti 150. Nishati ambayo breki zitaimeza inapanda kwa mraba wa kasi, kwa hiyo hiyo noti 30 pekee inaongeza asilimia 56. Sasa weka Tabora. Mchana wa nyuzi 30, hewa ya pale ni nyepesi kama ya futi 6,500 hivi. Kioo cha vipimo kinasema 150, lakini magurudumu yanagusa lami kwa takribani 165 ikiwa hakuna upepo. Hiyo ni nishati zaidi kwa asilimia 21, juu ya ile ya kwanza. Kigoma, kwa futi 2,700 na nyuzi 28, nyongeza ya kasi ni asilimia 7 au 8. Kutua alfajiri kunapunguza deni hili. Kusubiri baridi ukiwa juu na ndege mbovu ni mawazo ya mezani tu.

Viwanja vyote viwili vya magharibi vina njia fupi kuliko Mwanza, ambayo ina zaidi ya mita 3,000. Kutoka Tabora hadi Mwanza ni kilomita 290, kutoka Kigoma ni 450. Na kama uko juu ya Ziwa Tanganyika, lami ndefu iliyo karibu zaidi haiko Tanzania: Bujumbura ina mita 3,600 na iko kilomita 180 kaskazini ya Kigoma, ukitokea kusini unaingia juu ya maji. Kwenye dharura mpaka hauzuii ndege. Ukiwa bado mashariki ya Tabora na ndege imetulia, Julius Nyerere yenye mita 3,000 iko usawa wa bahari, ina hewa nzito, na ina wazima moto na mafundi wengi.

Kigoma ina jambo lake la ziada. Ziwa liko futi 2,500 na ushei, vilima vimesimama upande wa mashariki na kaskazini, na upepo wa ziwa hugeuka mchana. Ndege inayolala kwa shida haitaki kona ya karibu na vilima. Ukilazimika kutua pale, tumia upande wa ziwa kujipangia nafasi, ambako hakuna kinachoinuka mbele yako. Tabora ni tambarare kwa kila upande, na kwa ndege isiyokata kona vizuri hiyo ni thamani kubwa, ila kuanzia Novemba hadi Aprili radi za alasiri zinakuja mapema na jaribio la juu linaweza kukosa nafasi.

Uzito usikusumbue sana. Dash 8-400 haina namna ya kumwaga mafuta angani, lakini pia uzito wake wa juu wa kutua, kama tani 28, uko karibu na wa kupaa, ambao ni kama tani 29. Injini zake zinakula takribani tani moja kwa saa. Muda wa jaribio na wa kwenda Mwanza unaimaliza tofauti hiyo.

Kusema na watu

Kwa waongozaji ndege, tamka Mayday mara tatu na uweke 7700, namba ya dharura, kwenye transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada. Usiseme "tuna tatizo dogo". Sema huwezi nini: huwezi kugeuka kushoto zaidi ya nyuzi 10, huwezi kupunguza kasi chini ya noti 150, utahitaji njia nzima, na utasimama juu ya njia hukuhuku ukisubiri kuvutwa. Wataje waliomo na mafuta yaliyobaki. Sentensi hizo zinawasaidia kukuondolea ndege nyingine na kuwapanga wazima moto mahali utakapoishia, si utakapoanzia.

Kiongozi wa wahudumu apewe mambo manne: nini kimetokea, tunakwenda wapi, dakika ngapi zimebaki, na tunatarajia kutoka ndani ya ndege kwa haraka au la. Ayarudie kwa sauti ndipo aondoke.

Abiria wanastahili ukweli mfupi. "Ndugu abiria, huyu ni kapteni. Flapu za mabawa hazijashuka kama kawaida. Ndege inaruka vizuri. Tutatua Mwanza badala ya Kigoma, kwa kasi kubwa kidogo, na mtaona magari ya zimamoto. Sikilizeni wahudumu." Wahudumu nao waseme waziwazi kwamba mizigo inabaki. Dumu la mawese la Kigoma na ndoo ya asali ya Tabora ni vitu ambavyo mtu hawezi kuviacha kirahisi, na mlango wa dharura una upana wa mtu mmoja.

Kuingia na kutua

Jipange mbali, kilomita 20 hadi 28, mstari mmoja ulionyooka. Geuza kwa mlalo wa nyuzi 15 au pungufu. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kwa mkono mwepesi. Kupandisha nguvu ya panga boi mbili kwa ghafla kunasukuma hewa nyingi juu ya mabawa na kubadilisha mlalo na pua kwa pamoja, ndiyo maana nguvu iwekwe mapema na iachwe. Uamuzi wa kurudi juu ufanyike futi 1,000 kwenda juu. Chini ya hapo ndege yenye magurudumu ya mpini wa dharura na eleroni nusu haiwezi kukuhakikishia mpando.

Bila flapu pua inakaa juu zaidi. Dash 8-400 ina mwili wa karibu mita 33, na mkia wake hugusa lami kirahisi rubani akivuta kutafuta mguso laini. Iweke chini. Mguso mzito kidogo kwenye alama sahihi ni bora kuliko mlaini uliokula mita 600. Panga boi ziwekwe mkao wa kuzuia mwendo, breki kwa mkandamizo mmoja usiokatika, na ikiwa usukani wa gurudumu la mbele haupo, elekeza kwa usukani wa mkia kasi ikiwa bado kubwa, kisha kwa breki moja moja.

Haidroliki yote ikiwa imekwisha, kwenye ndege ambazo nyaya pekee haziwezi kusogeza elevata wala eleroni, kama zilivyo jeti kubwa, kinachobaki ni injini. Nguvu zaidi ya kushoto inapeleka pua kulia, na kinyume chake. Kupanda na kushuka ni kugumu zaidi: ndege itapanda na kushuka kwa mawimbi, kila wimbi kama dakika moja, na ukifuata pua kwa nguvu ya injini utakuwa unachelewa nusu wimbi. Ongeza nguvu pua ikiwa bado inashuka, punguza nguvu ikiwa bado inapanda, kabla haijafika kilele. DC-10 ya United Airlines iliyofika Sioux City tarehe 19 Julai 1989 namna hiyo ilivunjika ikigusa ardhi, na 184 kati ya watu 296 walinusurika. Airbus A300 ya mizigo iliyopigwa kombora Baghdad Novemba 2003 ilitua ikiwa nzima kiasi cha wafanyakazi wake watatu kushuka wenyewe. Si mbinu ya kutegemea, lakini inafundishika, na saa moja ya simuleta inatosha kumwondolea mtu hofu ya kuigusa.

Kabla ya kuondoka na baada ya kusimama

Hitilafu nyingine zinapakiwa ardhini. Embraer 190 ya Air Astana iliyotoka matengenezoni Ureno, Novemba 2018, ilikuwa na nyaya za eleroni zilizofungwa kinyume: ukigeuza kulia, ililala kushoto. Marubani walipambana nayo hadi wakaishusha uwanja wa Beja. Ukaguzi kabla ya kuondoka ungeweza kuiona. Kugeuza usukani na kuhisi uko huru hakutoshi. Fundi mwenye simu ya masikio asimame nje aseme kila upande. Ukigeuza kushoto, eleroni ya kushoto inainuka na ya kulia inashuka. Afanye hivyo hasa kama ndege imetoka karakana, na asikimbizwe kwa kuwa abiria wamechelewa.

Ukishasimama ukiwa salama, zima, usirudishe chochote. Flapu zibaki zilipo, mipini ya kutenganisha ibaki imevutwa, fyuzi zilizoruka zisibonyezwe, na umeme wa kinasa sauti ukatwe kabla hakijaandika juu ya yale ya angani. Halafu andika kwenye rejesta ya ufundi. "Usukani mzito" haimsaidii mtu. Andika namna hii: "Tabora kwenda Kigoma, futi 18,000, joto la nje nyuzi 8 chini ya sifuri, kasi noti 210, flapu 0. Usukani wa kulala ulikwama ukiwa robo kulia. Nguvu ya marubani wawili haikuufungua. Mpini wa kutenganisha umevutwa: kushoto ulibaki huru, kulia umekwama. Ulifunguka wenyewe tukishuka, futi 13,000." Fundi akiisoma hiyo anakwenda moja kwa moja kwenye puli na nyaya za eleroni kutafuta maji, na spoila anaziacha zilivyo.